Shukeni Jozani

"Jozani kuna mtu?"

Hilo ni swali la konda wa gari ya Makunduchi, na mimi nimelisikia tangu nikiwa mtoto wa kupakatwa. Gari ikishatoka Mjini, ikapita miembe ya Bi Khole, ikaiacha njia ya Unguja Ukuu, ghafla jua linapotea. Kiti kilichokuwa kinachoma kinapoa. Vumbi linaondoka puani, inaingia harufu ya majani mabichi na udongo uliolowa. Kwa dakika mbili tatu mnakuwa ndani ya kijani kizito cha msitu, konda anauliza swali lake, abiria wananyamaza, safari inaendelea. Wakishuka watu, mara nyingi ni wageni wawili wenye mabegi mgongoni. Nimepita hapo kwenda Mwaka Kogwa, kwenda kuzika, kwenda harusini, kwenda kufuata mihogo. Miaka zaidi ya thelathini, na sikushuka hata mara moja.

Naandika kuwaomba nyinyi, watu wa Mjini na wa mashamba, na jamaa zetu wa Bara na wa Mombasa mnaokuja kututembelea, mfanye nililolifanya mimi kwa kuchelewa. Mshuke.

Aliyenishusha ni mwanangu. Alirudi skuli na swali: kwa nini kima punju hana kidole gumba? Sikujua. Nikamuuliza mama yangu, naye ni mzaliwa wa huko huko kusini, akasema yeye hajapata kumtazama punju mkono, alikuwa akimfukuza tu. Basi Jumapili moja asubuhi tukaondoka watatu, mama, mimi na mtoto, na konda alipouliza nikasema, "Shusha." Abiria waligeuka kututazama.

Kiingilio cha mwenyeji si kama cha mgeni, ni kidogo, na ndani yake yumo kijana wa kukutembeza. Wetu alimwamkia mama, akatuuliza tumetoka wapi, tukamwambia Kikwajuni. Uso wake ukafunguka. "Basi leo nitasema Kiswahili mwanzo mpaka mwisho," alisema. Siku nyingi hutembeza watu kwa lugha nne tano zisizokuwa yake, na majina ya miti huyatamka Kilatini. Siku ile alipogusa gogo la kwanza alisema neno moja tu, "Mtondoo," na mama akaitikia, "Aa, mtondoo!" kama mtu aliyekutana na jirani wa zamani.

Neno hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Majina ya msitu huu tunayo sisi. Mtondoo, mchikichi, mkadi, mwale, mfuu, mzambarau. Tunayo katika methali, katika nyimbo za harusi, katika majina ya vijiji. Lakini wengi wetu tuna jina mdomoni na hatuna mti machoni. Watoto wetu wa Mjini watakuwa hawana hata jina.

Jozani iko kiasi cha kilomita 35 kutoka Mjini, katika shingo nyembamba ya kisiwa, kati ya Ghuba ya Chwaka upande wa kaskazini na mikono ya bahari ya Pete na Uzi upande wa kusini. Huko kusini na mashariki ya Unguja ardhi ni ya maweni, jiwe la matumbawe lenye udongo wa kuokoteza, na hakuna mto wa kupita juu ya ardhi. Maji yote yako chini. Jozani ni bonde, sakafu yake imeinuka kidogo tu juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji hayo ya chini yanakuwa karibu mno na mizizi. Masika yakikolea, Machi mpaka Mei, maji hupanda yakasimama baina ya miti kama birika, na mitondoo husimama ndani yake bila ya kuoza. Ndiyo maana kuna msitu mrefu na wa kivuli mahali ambapo pembeni yake, hatua chache tu, unakuta vichaka vya maweni vinavyomfika mtu kifuani. Mtoto alipiga kisigino chini akasema ardhi inalia kama ngoma. Tulisimama sote tukapiga visigino, mama naye na magoti yake yanayomuuma.

Punju tuliwakuta ukingoni mwa msitu, kundi zima, na hawakutukimbia. Mgongo mwekundu wa kutu, mabega na mikono myeusi, tumbo jeupe, nywele nyeupe zimesimama kuzunguka uso mweusi, na mdomo na pua vina rangi ya waridi kama vilivyopakwa. Mmoja alikaa juu ya tawi chini kabisa, akanyoosha mkono kuchuma chipukizi, na mtoto akaona jibu lake: vidole vinne virefu vilivyopinda kama ndoano, na palipopaswa kuwa na gumba pana kinundu tu. Mkono wa kujitundikia. Gumba lingekwama matawini.

Huyu kima hapatikani kwa asili popote duniani isipokuwa hapa Zanzibar. Kitaalamu amepewa jina la John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea aliyekuwa balozi wa Uingereza hapa katika karne ya 19, ambaye ndiye aliyewafikishia habari zake wanasayansi. Sisi tulishampa jina letu kabla ya hapo, na jina lenyewe si zuri: punju ni sumu. Nilipokuwa mdogo niliambiwa mti anaoula punju hufa, na mbwa akila nyama yake ananyonyoka manyoya. Hakuna aliyeniambia kuwa tumbo lake lina vyumba kama la ng'ombe, kwa ajili ya kuchachusha majani, na kwamba matunda mabivu yenye sukari yanalichafua tumbo hilo. Wala kwamba punju wanaoishi karibu na mashamba hula makaa. Ni kweli, makaa ya kuni. Majani ya mkungu na ya mwembe yana lishe nyingi lakini yana kemikali za kuudhi tumbo, na makaa huzinasa kemikali hizo. Watoto wao hujifunza kwa mama zao. Kijana wetu alisema amewaona wakigombania kipande kilichobaki kwenye tanuri la mkaa, na mama yangu, aliyepika kwa mkaa maisha yake yote, alicheka mpaka akashika mti.

Kuna jambo jingine nilitaka walisikie wakulima wenzetu, kwa sababu ugomvi wao na punju si wa kubuni. Punju huingia mashambani, hula majani na maua, na huangusha vidaka vya minazi. Mwaka 1999 watafiti wawili, Siex na Struhsaker, walitoa matokeo ya kuhesabu nazi katika mashamba yanayopakana na Jozani. Wakakuta kwamba pale punju walipokula vidaka vingi, mavuno ya nazi mwishoni hayakushuka, bali yalielekea kupanda. Maelezo yao ni kuwa mnazi hubeba vidaka vingi kuliko unavyoweza kuvikuza, na kima anapovipunguza vilivyobaki hupata nafasi. Hii haina maana kwamba mkulima wa maharage au wa muhogo hapati hasara, anapata, na ndiyo sababu ni haki na lazima fedha za kiingilio zirudi kwa wakulima na vijiji vinavyouzunguka msitu. Lakini yale ya "mti anaoula hufa" tuyaache.

Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu tulikwisha kumpoteza mmoja kwa maneno ya kusikia. Unguja ilikuwa na chui wake, mdogo kuliko wa Bara, madoa yake yamekaribiana. Tuliambiwa ni chui wa kufugwa na wachawi, anatumwa usiku. Katika miaka ya 1960, baada ya Mapinduzi, ilifanyika kampeni ya kuwasaka, na jamii nzima ikaona inajikomboa. Makumbusho yetu yana chui mmoja aliyejazwa, macho ya gilasi. Wengi wa wataalamu wanaamini amekwisha. Mama anakumbuka kusikia sauti yake akiwa mtoto, na aliponieleza pale msituni aliiga sauti ile, kama msumeno kwenye ubao mkavu, na mwanangu akamwambia, "Bibi, rejea." Akarejea. Sauti hiyo sasa iko katika koo la mwanamke mmoja wa miaka sabini na kitu.

Kutoka mlangoni mwa msitu hadi kijiji cha Pete ni mwendo mfupi kuvuka barabara kuelekea baharini, na huko ndiko iliko njia ya mbao. Hapo ndipo nataka hasa mfike.

Njia yenyewe ni mbao zilizopangwa juu ya nguzo, upana wa watu wawili wa kupishana kwa adabu, inaingia katikati ya mikoko, inavuka mkono wa bahari, inazunguka na kurudi. Ukianza kuikanyaga unasikia kila ubao una sauti yake. Kuna mbao za kijivu zilizopauka kwa chumvi, na baina yake mbao mpya za rangi ya asali, na kijana wetu aliweza kutuambia ipi iligongwa lini. Mikoko haina huruma na mbao: maji ya chumvi yanapanda na kushuka mara mbili kwa siku, na misumari inaliwa. Njia hii inasimama kwa sababu watu wa Pete wanaikarabati, na wanaikarabati kwa fedha za watu wanaokuja kuipita. Nilitazama ubao mmoja mpya kwa muda, misumari minne imepigwa sawasawa, na nikajiuliza katika mbao zote zile ni ngapi zilizotokana na tiketi ya Mzanzibari.

Kwa nini mbao, na sio kutembea tu matopeni? Tazama chini. Mchu umeotesha mizizi inayotoka matopeni kwenda juu, maelfu, mfano wa kalamu zilizochomekwa. Hiyo ni mizizi ya kupumulia. Tope halina hewa, kwa hiyo mti unaivuta kwa vijiti hivyo maji yanapotoka. Mguu mmoja wa mtu huvunja kumi kwa mara moja, na nyayo zikizidi tope hushindiliwa likawa gumu. Mbao zinatuwezesha kuingia mpaka ndani kabisa bila ya kuukanyaga mti puani. Kijana alimpa mtoto jani la mchu alilambe. "Chumvi!" Mchu hunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kupitia majani, unaiona ikimetameta kama sukari.

Pwani yote ya Tanzania ina aina 10 za mikoko, na kila moja ina jina lake la Kiswahili: mkoko wenyewe, mkandaa, msinzi, mchu, mlilana, mkomafi na wenzao. Mji Mkongwe umejengwa kwa hiyo. Mkitaka kujua kwa nini vyumba vya nyumba za zamani ni virefu na vyembamba, tazameni dari: upana wa chumba ni urefu wa boriti, na boriti ni mkoko. Majahazi yalizibeba kutoka Rufiji na Lamu, zikihesabiwa kwa korija, mpaka Oman na Ghuba, zikaezeka nyumba za watu ambao hawajapata kuuona mti wenyewe ukiwa hai. Magome ya mkandaa yalitia rangi ngozi. Chini ya mikoko hiyo hiyo kina mama wa upande wa Chwaka huzika makumbi matopeni, huyaacha miezi, kisha huyapiga yakatoka usumba wa kusokotea kamba. Na kamba, chaa na kaa mnaowanunua Darajani, wengi wao walikulia humo humo, baina ya magoti ya mikoko, mahali ambapo samaki mkubwa hawezi kuwafuata.

Tulipofika katikati, mama alikuwa ameshika reli akipumzika. Kijana akavuta tawi la mkoko, akaligeuza, akamwonyesha. Chini ya majani mazito kulikuwa na maua, madogo mno, kikombe cha manjano ngumu kama ngozi, na ndani yake petali nne nyeupe zenye vinyweleo. Moja lilikuwa linafunguka. Mama akauliza hili ni nini. "Mkoko huo mama, unaalika maua," akasema yule kijana.

Mama yangu amesema maneno hayo maisha yake yote. Sote tunayasema. Harusi ikianza kupamba moto, ugomvi ukianza kunoga, taarabu ikishika kasi, mtu atasema huo ni mwanzo, mkoko ndio kwanza unaalika maua. Ana miaka sabini na zaidi, amezaliwa mwendo wa saa chache kwa miguu kutoka kwenye mikoko hii, na siku hiyo ndiyo ya kwanza aliyoliona ua la mkoko. Alilitazama kwa muda mrefu. Akasema, "Kumbe dogo hivi." Kisha akamwita mjukuu wake aje alitazame naye.

Basi ombi langu ni hilo, na nyuma yake nina mengine madogo.

Mkija, msiwalishe punju. Ndizi unayompa kwa mapenzi inamwumiza tumbo, na kima aliyezoea mkono wa mtu huishia barabarani. Kaeni mbali nao hatua kadhaa, hata wakisogea wenyewe, kwa sababu mafua yetu yanaweza kuwaingia. Wakati wanasayansi walipowahesabu kisiwa kizima na kutangaza matokeo yao mwaka 2017, walipata zaidi ya 5,800, idadi kubwa kuliko iliyodhaniwa kabla. Tulifurahi, na tuna haki ya kufurahi, lakini si wachache wanaoishi nje ya hifadhi, katika vichaka na mashamba yanayogeuzwa viwanja kila siku, na jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mara moja na kukaa muda mrefu kabla ya kuzaa tena. Kwa hiyo kila mmoja ana thamani yake.

Madereva, nawasemea kwa heshima. Matuta pale Jozani yaliwekwa kwa ajili ya maisha, na vifo vya punju barabarani vilipungua baada ya kuwekwa. Abiria akikwambia punguza, punguza. Punju huvuka asubuhi na jioni, na mtoto akiwa amemng'ang'ania mama yake tumboni usimwone.

Walimu, leteni madarasa. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ilitangazwa mwaka 2004, ni kilomita za mraba 50, na ndiyo hifadhi pekee ya taifa tuliyo nayo Zanzibar. Mwaka 2016 UNESCO iliiingiza katika orodha ya hifadhi hai za dunia. Haifai mtoto wa Zanzibar amalize skuli akiwa ameiona katika kitabu tu. Basi moja, maji ya kunywa, viatu vya kufunga, na muwaambie wanafunzi waje na daftari wayaandike majina ya miti kama yanavyotamkwa na watu wa Pete. Waulizeni na wazee majina mengine, kabla hayajaondoka nao.

Na nyinyi mlioko Pemba, msije kwanza Unguja. Mnao Ngezi, msitu wa mvua wa asili ambao sisi tunautamani, wenye mivule na mipapindi, na popo wenu wakubwa ambao mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki wachache, na leo wako kwa maelfu kwa sababu vijiji vyenyewe viliamua kuwalinda. Wa Kilifi na Malindi, pale Mida kuna njia ya mbao inayoning'inia juu ya mikoko, na kiingilio chake husaidia kulipia karo za watoto wanaoishi kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Kila pwani ina msitu wake wa kushukia.

Kwa Pete, ulizeni kwanza habari za maji. Maji yakijaa, hasa siku za bamvua, mnapita juu ya bahari na mnaona samaki wadogo wakizunguka mizizi. Yakitoka, mnaona kaa wadogo wenye mkono mmoja mkubwa mwekundu wakitoka mashimoni, na mbegu za mkoko zilizoanguka wima zikajipanda zenyewe topeni, maana mbegu hiyo huota ikiwa bado imening'inia kwa mama yake. Mimi napenda maji yanapotoka. Mwanangu anapenda yakijaa. Kwa hiyo tumekwenda mara tatu sasa, na mama ameshaanza kuwaalika jirani zake wa Kikwajuni, akiwaeleza habari ya ua.

Gari za Makunduchi na za Paje zote zinapita mlangoni. Kaeni upande wa kushoto mkiweza, dirisha lifungueni mnapoona jua limepotea. Konda akiuliza, jibuni kwa sauti, maana injini ina kelele.